Mama Amsemea Kipaza

Kikundi cha Mbavu Zangu kilikuwa na watu wanne, kamera moja na sauti moja. Kamera ilikuwa ya Fundi, ambaye siku za kazi alitengeneza mafriji na siku za mapumziko aliongoza filamu. Sauti ilikuwa ya Kipaza.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Fundi ndiye aliyempachika, siku ya kwanza kabisa walipopiga filamu, pale alipoambiwa amwite jirani wa kuigiza aliyekuwa nyuma ya ukuta, na majirani wa kweli wakatoka nje mmoja baada ya mwingine kuuliza kulikoni. Tangu hapo akawa Kipaza, na jina likamganda mpaka kazini kwake, ambako alishinda na vitu vya kusikilizia masikioni akipokea simu za watu waliokatiwa maji.

Filamu zao zilikuwa fupi, za dakika chache tu, za kumfanya mtu acheke akisubiri chai ichemke. Jirani anaazima pasi na kuirudisha imeungua. Ukoo mzima unagombana kuhusu jina la mtoto ambaye hata hajazaliwa. Hapakuwa na kampuni nyuma yao wala mfadhili. Waliandika wenyewe, wakapiga wenyewe, wakazitupa mtandaoni wenyewe, kisha wakakaa kusoma maoni ya watu kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani. Msusi, mwenye saluni ya mtaa wa pili, aliwapaka poda, akawavalisha mawigi na kushika maiki. Mlingoti, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiinama katika kila mlango, aliigiza wanaume wote. Kipaza aliigiza wanawake wote, na juu ya hapo aliigiza redio mbovu, king'ora, mtoto mchanga anayeota meno na, mara moja, jogoo.

Basi sauti hiyo ikaanza kukwaruza.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mteja mmoja wa maji alimwambia, "Asante sana, kaka," na Kipaza akaenda kuwasimulia wenzake, wakaifanyia filamu siku ileile. Watu walicheka sana. Lakini kukwaruza hakukwenda. Alikunywa maji ya moto yenye tangawizi, akasukutua chumvi, akajifukiza chini ya shuka mpaka akatoka mwekundu wa macho. Sauti ikawa inakuja asubuhi na kuondoka mchana, kama mfanyakazi mvivu. Halafu siku moja, katikati ya mazoezi nyumbani kwa Fundi, aliinua kichwa apige ule ukelele wake uliojulikana, na kilichotoka kilikuwa upepo mtupu, kama tairi linalopumua.

Wenzake walisubiri. Walidhani anaigiza.

"Hiyo nzuri," Mlingoti akasema. "Irudie."

Kipaza akajaribu kuirudia, ikatoka vilevile. Hapo hakuna aliyecheka. Msusi akaweka maiki mezani polepole.

Njiani kurudi kwake, mawazo yake yote yalikuwa kwa baba yake mkubwa. Yule mzee alianza hivihivi. Alikwaruza sauti msimu mzima, akawa anasema ni vumbi, ni baridi, ni uzee, na walipokuja kumpeleka hospitali ilikuwa imeshachelewa. Kipaza alikuwa msichana wakati huo. Alikumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa wakiutaja ugonjwa ule kwa kuzunguka, "ile shida ya koo," bila hata mara moja kuuita jina lake.

Alikwenda hospitali bila kumwambia mtu. Daktari wa koo alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti nzito, ambaye alimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera nchani. Kipaza, aliyekuwa amezoea kamera miaka yote ile, hakuwahi kufikiria kwamba iko siku moja ingemwingia ndani. Kwenye kioo cha kompyuta aliziona nyuzi zake za sauti, nyeupe, zimekaa mfano wa herufi V, na juu ya uzi mmoja kinundu.

"Hicho hapo ndicho kinachokusumbua," daktari akasema. "Tutakitoa, tukipeleke maabara wakakichunguze."

"Ni kitu gani?"

"Mpaka majibu yatoke, sitaki kubashiri. Ukishafanyiwa, nataka kimya. Kimya kabisa. Na usininong'onee pia, kunong'ona kunachosha koo kuliko unavyodhani. Mtu akitaka kukwambia kitu akwambie, wewe utaandika."

Kwa wenzake alituma ujumbe mfupi: anafanyiwa upasuaji mdogo, atakuwa kimya kwa muda, wasiwe na wasiwasi. Kwa mama yake alisema hayohayo, ila hakutaja maabara. Alidhani amecheza kwa akili. Alisahau kwamba mtu asiyeweza kusema hawezi kumzuia mwingine kuuliza, na siku ya kutoka hospitali mama yake ndiye aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, mkoba begani, akimhoji daktari neno kwa neno. Maabara ikatajwa. Mama akakunja vizuri ukingo wa shuka ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Sawa," akasema. "Majibu mtapiga simu?"

"Tutapiga simu."

"Basi simu nitashika mimi."

Kuanzia hapo wote wawili walijua, na wote wawili wakajifanya hawajui.

Mama yake alikuwa amefanya kazi ya opereta wa simu maisha yake yote, katika ofisi kubwa yenye ghorofa nyingi, enzi zile za kuunganisha watu kwa nyaya. Alikuwa na sauti mbili. Moja ya kazini, laini, iliyonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nyingine ya nyumbani, na hiyo ndiyo Kipaza aliyoirithi. Kuhusu filamu, msimamo wake ulikuwa unajulikana. "Mtoto nimemsomesha," alizoea kuwaambia ndugu, "ana cheti chake, halafu nafungua simu namkuta analia kama jogoo."

Sasa alihamia vyumba viwili vya binti yake, akapanga upya sufuria zote, na kuanza kumsemea.

Kipaza alikuwa na ubao mdogo mweupe na kalamu yake, vitu alivyonunua kwa ajili hiyo. Havikumsaidia. Mama hakupenda kuvaa miwani, maana alisema inamzeesha, kwa hiyo alisoma neno la kwanza tu, tena kwa kukisia, kisha akamalizia mwenyewe. Kipaza akiandika "Sitaki uji," mama alimwambia jirani aliyekuja kumjulia hali, "Anasema sitaki kukusumbua, mama, lakini uji wako mtamu." Akiandika "Funga dirisha," mama alisema, "Anauliza habari za watoto." Duka la dawa walikwenda kununua dawa ya kusukutua, wakatoka na dawa ya kusukutua, mafuta ya mgongo na vidonge vya minyoo, kwa sababu muuzaji aliuliza, "Dada anajisikiaje?" na mama akaanza na utotoni.

Mara nyingine Kipaza alitaka kupasuka. Aligonga meza, akapiga mguu chini, akazungusha macho. Mama akawageukia watu, akasema, "Mnaona? Amefurahi."

Ila kulikuwa na kitu kingine ambacho Kipaza alikiona. Mama hakuiacha ile simu. Aliifunga kwenye upindo wa kanga akifua, akaiweka kwenye dirisha la bafu akioga, na kila ilipolia aliikaribia kama mtu anayetaka kushika chungu cha moto. Ikiwa ni ndugu au mtu wa kazini, alishusha mabega na kuongea kupita kiasi. Kwa hiyo Kipaza akamwachia asemee watu atakavyo. Alijua mama akinyamaza ataanza kufikiri.

Wenzake walikuja kumwona Jumamosi moja mchana, wamebeba machungwa. Waliingia wakijibana, maana kimya cha mtu aliyezoeleka kwa kelele kinatisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni. Huyu mrefu akae chini, asinivunjie taa."

Fundi akamgeukia Kipaza. "Unaendeleaje?"

Kipaza akachukua ubao, akaandika: "Nimechoka kukaa ndani."

"Anasema amechoka na nyinyi," mama akasema.

Fundi akashtuka. "Na sisi?"

"Ndiyo. Mnamfanyisha kazi sana. Kupiga kelele kutwa nzima, koo la mtu si honi."

Kipaza akatikisa kichwa kwa nguvu zote, akafuta, akaandika kwa herufi kubwa: "NIMEWAKUMBUKA."

"Sasa anasema mlete na ndizi."

Mlingoti alikuwa wa kwanza kushindwa. Alijifanya anakohoa. Msusi akajificha nyuma ya mkoba wake. Fundi hakucheka. Alikuwa amekodoa macho, kichwa kimeinama upande mmoja, na Kipaza aliyemjua miaka yote ile akajua palepale kinachopita kichwani mwake. Yeye mwenyewe kilikuwa kimeshampitia asubuhi ileile, pale duka la dawa. Akafuta ubao, akaandika, na safari hii akamnyooshea Fundi peke yake, mama asione. Aliandika: "Unaona ninachokiona?"

"Naona," Fundi akasema. "Mama, tunaomba ucheze filamu na sisi."

"Mimi?" Mama akaweka mkono kifuani. "Na umri huu? Nikachekwe na watu nisiowajua? Hapana. Tena hapana. Mgonjwa yuko ndani, nyinyi mnataka maigizo." Akainuka kwenda jikoni, kisha sauti yake ikatokea hukohuko. "Kwani mtu anatakiwa avae nini?"

Filamu ilikuwa nyepesi kueleza. Kuna msichana asiyesema kitu, na kuna mama yake anayemsemea. Mchumba anatokea, muuza magodoro, mtu mwenye adabu zake. Kila anachomwuliza msichana, mama anajibu. Fundi hakumwandikia mama hata mstari mmoja. Alimwambia tu aseme kama angesema mwenyewe, na mama akajibu kwamba yeye hajui kusema namna nyingine.

Wiki iliyofuata wakapanga taa sebuleni kwa Kipaza. Msusi alimpaka mama poda, mama akajitazama kwenye kioo, akaomba aongezewe. Walianza na mchumba mlangoni. Wakapiga mchumba mezani. Mama alimwuliza Mlingoti kama urefu huo ni wa kwao au aliupata baadaye, na wakalazimika kupiga tena kwa sababu kamera ilitikisika mikononi mwa Fundi. Kipaza aliyekaa kwenye kochi, mikono mapajani, akicheza msichana kimya, aligundua kitu ambacho hakukitegemea. Aliweza kuchekesha bila sauti. Kumbe jicho linatosha. Akimtazama Mlingoti, kisha mama, kisha mlango, Msusi alikuwa akijiuma midomo. Kwa saa nzima hakuwaza maabara hata mara moja.

Ikabaki sehemu ya simu. Mchumba, baada ya kufukuzwa, anampigia msichana. Mama ndiye anayepokea. Fundi alitaka simu ya kweli yenye mtu wa kweli upande wa pili, ili mama ajibu kitu anachokisikia. Simu yenyewe ilikuwapo tayari, ile ya Kipaza, ambayo mama hangeiachia kwa filamu wala kwa kitu kingine chochote. Mlingoti akatoka nje mpaka uani, apige kutoka huko.

"Ikilia, pokea," Fundi akamwambia mama. "Sisi hatupo."

Wakatulia. Simu ikalia karibu mara hiyohiyo. Mama, bila miwani, hakuangalia nani anapiga. Alivuta pumzi, akainua shingo.

"Haloo. Ndiyo, hii ndiyo namba yake. Hapana, haongei. Sema na mimi."

Akasikiliza kidogo.

"Wote wanataka kumpata yeye mwenyewe. Yeye mwenyewe ana mama. Kwanza nikuulize, umeoa?"

Msusi akauma ukosi wa blauzi yake. Maiki ikaanza kutetemeka juu ya kichwa cha mama.

"Nimekuuliza umeoa. Swali jepesi, mbona unapata kigugumizi?" Akasikiliza. Macho ya mama yakapanuka, akamgeukia Kipaza kwa mshangao wa kweli. "Anasema ameoa! Ana watoto wawili! Na bado unapata ujasiri wa kumpigia binti yangu mchana kweupe? Huna haya?"

Kipaza alikuwa ameuma ulimi asicheke. Mlingoti leo kaamua kubuni, aliwaza. Mke na watoto wawili havikuwamo kwenye mpango wao.

"Daktari?" mama akasema. "Hata ungekuwa nani! Kabla yako alikuja mwingine akasema ni rubani, kumbe anauza magodoro!"

Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa. Mlingoti akainama, akaingia, simu mkononi.

"Mbona inatumika?" akauliza. "Napiga, napiga, haiingii."

Hakuna aliyesogea. Mama alimtazama Mlingoti kuanzia miguuni mpaka juu, safari ndefu, kisha akaitoa simu sikioni na kuitazama kama kitu kilichomwangukia kutoka mbinguni. Akairudisha sikioni. Na sauti iliyotoka safari hii ilikuwa ile nyingine, ya ofisini, laini, iliyonyooka, isipokuwa ilikuwa ikitetemeka pembeni.

"Daktari. Niwie radhi sana. Endelea, tafadhali."

Kipaza alisikia damu ikimwenda masikioni. Aliikodolea macho midomo ya mama yake, ambayo haikuwa ikisema chochote zaidi ya "ndiyo," na "ndiyo," na tena "ndiyo." Poda ilikuwa imejikunja kwenye mistari ya paji la uso.

"Rudia, tafadhali," mama akasema.

Akasikiliza.

"Rudia tena mara moja. Nataka nisikie vizuri."

Akasikiliza tena. Akasema ahsante, akateremsha simu, akaiweka juu ya mkono wa kochi. Akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Hakuna kilichotoka. Mwanamke aliyekuwa amesemea kila mtu mtaa mzima alisimama pale katikati ya taa za Fundi, akipunga mikono, akitikisa kichwa, na hakuweza kutoa hata neno moja.

Msusi alianza kulia. Alikuwa ameona kichwa kinachotikiswa, naye kama wengine akadhani ameelewa. Fundi alishusha kamera kifuani. Kipaza aliutafuta ubao, akaupata chini ya mto, akaandika "NINI?" haraka kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kusoma, mwenye miwani wala asiye nayo.

"Hana," mama akasema hatimaye.

"Hana nini, mama?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hana kitu! Hana! Wamekichunguza kile kinundu, hakina neno. Ni cha kupiga kelele tu, amesema, cha watu wanaotumia sauti vibaya. Si saratani." Akalisema lile neno ambalo hakuna mtu katika ukoo wao aliyekuwa amelitamka miaka yote, na alipolisema mara moja akaona halimwumi, akalirudia. "Si saratani, mwanangu. Nimemwambia arudie mara mbili. Si saratani."

Kipaza akajisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao ameubeba mpaka akasahau kwamba ni mzigo. Mabega yalimshuka. Kifua kikamfunguka. Ule ukelele wake wa zamani, mkubwa kuliko wote aliowahi kuupiga, ulipanda kutoka tumboni, ukafika kooni, na mama akaruka kutoka pale alipokuwa, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usithubutu!" mama akasema. "Usithubutu! Daktari amesema kimya!"

Basi Kipaza akalia ndani ya kiganja cha mama yake, akacheka ndani ya kiganja hichohicho, bila sauti, mwili mzima ukimtikisika. Alipoachiwa, furaha haikuwa na pa kutokea. Akakimbia jikoni. Wakasikia makabati yakifunguliwa, naye akarudi na mfuniko wa sufuria na mwiko, akaupiga mfuniko kwa nguvu zake zote, akizunguka sebule, machozi yakimtiririka na meno yote nje. Mlingoti akachukua sinia. Msusi, ambaye alikuwa bado analia lakini sasa kwa sababu nyingine, akapiga makofi. Jirani alikuja mbio akidhani nyumba inaungua, na mama akampokea mlangoni.

"Ni mzima!" akamwambia. "Anasema ni mzima!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali mama alipomsemea sawasawa.

Walipochoka waliketi popote walipokuwa, wengine sakafuni. Mtu akamenya machungwa. Ndipo mama alipokumbuka, akajishika kichwa.

"Jamani, nimemwuliza daktari kama ameoa."

"Umemwuliza, mama," Mlingoti akasema.

"Nimemwambia hana haya."

"Umemwambia."

"Naye kwa upole akanijibu kila kitu! Mke, watoto! Mtu mzima, bingwa, anajitetea!" Mama akafunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hawakujua kama ni aibu au kicheko, mpaka alipoinua uso. "Mwishoni aliniambia, 'Mama, nimetoa majibu ya watu wengi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kujibu maswali ya posa kabla sijaruhusiwa kusema.'"

Wakacheka mpaka mbavu zikauma kweli, na Kipaza akajishika koo, akicheka kwa pumzi tu, kama alivyoruhusiwa.

Fundi alikuwa akiigeuzageuza kamera mikononi.

"Kuna jambo," akasema. "Sikuzima. Yote imo humu. Simu, majibu, sufuria. Nikiifuta mtaniambia. Nikiacha mtaniambia vilevile."

Wote wakamtazama Kipaza. Alichukua ubao. Akaandika polepole ili asomeke, na mama, kwa hiari yake, akaenda kutafuta miwani yake kwenye mkoba, akaivaa, akasoma kwa sauti neno kwa neno bila kuongeza lake.

"'Mpaka Mlingoti anapofungua mlango, ni ya watu. Baada ya hapo ni yetu.'"

Ikawa hivyo. Kesho yake mama alimpigia daktari kumwomba radhi rasmi na kumwuliza kama ana neno wakiitoa filamu. Daktari akasema sauti yake haisikiki humo, jina lake halimo, na yeye mwenyewe anaisubiri kwa hamu. Fundi aliikata filamu pale Mlingoti anapoinama mlangoni na simu yake mkononi, akiuliza mbona inatumika. Watazamaji hawakujua aliyekuwa upande wa pili ni nani, wakadhani ni mchumba wa pili, na wakaona hilo linachekesha kuliko yote. Filamu ilizunguka mpaka kwa watu ambao Mbavu Zangu hawakuwahi kuwafikia. Binamu wa mbali walipiga simu. Mama aliwaambia wote kwamba yeye alikuwa anasaidia tu, na wakikubali haraka mno kwamba alikuwa anasaidia tu, alikasirika.

Siku ile ya majibu yenyewe, hata hivyo, hakuna aliyefikiria watazamaji. Jua lilikuwa bado juu. Mama alisema haiwezekani watu waone nywele zake zikiwa vile, kwa hiyo sehemu ya mchumba mlangoni irudiwe. Msusi akamtengeneza. Kipaza hakuhitajika katika sehemu hiyo. Akajinyoosha kwenye kochi, nyuma ya taa, mfuniko wa sufuria bado tumboni.

Tangu siku ile alipokwenda hospitali peke yake alikuwa hajalala usingizi wa maana. Kila alipofumba macho alimwona baba yake mkubwa, kitambaa shingoni, akisema ni vumbi tu. Sasa akayafumba, akamwona vilevile, ila safari hii mzee alikuwa amekaa barazani kwake enzi za uzima wake, anawasimulia watoto kisa fulani na kukiharibu mwishoni kwa kucheka kabla yao. Kipaza hakuwa amemkumbuka hivyo kwa miaka mingi.

Pembeni yake mama alikuwa akimfundisha Mlingoti namna mchumba wa kweli anavyobisha hodi. Si hivyo, alikuwa akisema, hivyo ni polisi. Rudi nje. Tena. Mlango ukafunguliwa na kufungwa, Fundi akaomba kimya, mama akamwambia yeye ndiye anyamaze. Kulikuwa na mambo kama kumi ambayo Kipaza angependa kuwaambia kuhusu tukio lile. Hakuwa na haraka. Sauti ingerudi kwa wakati wake, na wao wangekuwepo. Akageukia ukutani, akalala fofofo katikati ya kelele.